Kura ya mchezaji bora wa ndondo: jinsi ya kuiendesha kwa kanuni za besiboli

Ndondo nyingi za Mtwara na Lindi, yaani mashindano ya soka ya mtaani, hufika fainali salama, zikaja kuvurugika kwenye tuzo ya mchezaji bora. Bingwa hana ubishi, mabao yake yameonekana. Mchezaji bora hutajwa na mwenye maikrofoni baada ya kunong'onezana na mdhamini pembeni ya meza ya kombe, na nusu ya uwanja huanza kuzomea kabla jina halijaisha. Dawa yake ni kura ya maandishi, yenye pointi, na kanuni zilizobandikwa kabla mechi ya kwanza haijachezwa.

Kanuni hizo hakuna haja ya kuzibuni upya. Besiboli ya kulipwa ya Marekani ilianza kumpigia kura mchezaji wake mwenye thamani kuliko wote mwaka 1911, na kura hiyo iko mikononi mwa chama cha waandishi wa besiboli tangu 1931. Mchezo wenyewe huku hauna watu wengi. Lakini karatasi yao ya kura inahamia kwenye soka bila shida, na kanuni zake nyingi zilizaliwa na ugomvi ambao mtu wa Chikongola au Rasbura ataufahamu mara moja.

Hesabu zote hapa chini ni za ndondo ya timu 8 zinazokutana mara moja moja: mechi 28, kila timu mechi 7, kisha nusu fainali na fainali.

Msitoe zawadi kubwa kwa namba moja

Kamati nyingi huona njia rahisi ni kumpa zawadi mfungaji bora na kumaliza kazi. Besiboli ilianza hivyo hivyo. Mwaka 1910 Hugh Chalmers, mwenye kampuni ya magari, aliahidi gari kwa mchezaji atakayemaliza msimu na wastani mkubwa wa kupiga, yaani sehemu ya majaribio yake ya kupiga iliyozaa mpigo halali. Siku ya mwisho ilipofika, Ty Cobb wa Detroit alikuwa anaongoza, akakaa nje mechi zake mbili za mwisho ili asiushushe wastani wake. Anayemfuata, Nap Lajoie wa Cleveland, alikuwa na mechi mbili za siku moja huko St. Louis, tarehe 9 Oktoba.

Cobb hakupendwa. Kocha wa St. Louis, Jack O'Connor, alimwagiza kijana aliyelinda besi ya tatu, yaani kituo cha tatu anachokimbilia mpigaji, asimame nyuma kabisa, mbali na mpigaji. Lajoie akawa anaugusa mpira kwa gongo taratibu, unadondoka pale pasipo na mtu, naye anakimbia hadi besi ya kwanza bila bughudha. Akaondoka na mipigo 8 iliyohesabiwa. Msaidizi wa O'Connor, Harry Howell, akajaribu kumhonga mtunza kumbukumbu suti mpya ili mpigo mmoja zaidi uandikwe kwa faida ya Lajoie. Ligi ikamtangaza Cobb mshindi kwa 0.385 dhidi ya 0.384, Chalmers akatoa magari mawili, na O'Connor na Howell wakafukuzwa.

Sasa chukueni mechi ya saba ya ndondo yenu. Timu haina nafasi ya kufuzu wala haiogopi lolote, na mshambuliaji wa timu pinzani amebakiza mabao mawili ampite mwenzake. Beki anateleza, kipa anatoka golini bila sababu. Mfungaji bora apewe jezi au mpira, hiyo ni heshima yake. Mbuzi, pikipiki au bahasha nene iende kwa aliyepigiwa kura. Hata Chalmers alifanya hivyo mwaka uliofuata: 1911 gari lilitolewa kwa kura za waandishi, mmoja katika kila moja ya ligi mbili kuu, na wa kwanza kulipata kwa njia hiyo walikuwa Cobb tena na Frank Schulte wa Chicago.

Daftari kwanza, kura baadaye

Mpiga kura asiye na kumbukumbu atampigia aliyemwona juzi. Nunueni kaunta buku mbili. Kila mechi iwe na waandishi wawili, kila mmoja upande wake wa uwanja, wasikae pamoja. Kila mechi ipewe namba, 1 hadi 28, na ukurasa wake uwe na: vikosi kwa namba za jezi, dakika za kuingia na kutoka, bao na pasi ya bao, kadi, kama kipa hakuruhusu bao, na penati zilizookolewa. Mechi ikiisha madaftari yanalinganishwa hapo hapo, refa anatia saini yote mawili. Palipo na tofauti, refa ndiye mwamuzi.

Namba ya mechi si urembo. Mwaka 1981, miaka 71 baada ya lile gari, waliopekua madaftari ya 1910 waligundua kwamba mechi moja ya Cobb ilikuwa imeingizwa mara mbili. Ukiiondoa, Lajoie ndiye aliyekuwa mbele. Ukurasa mmoja tu. Huku kosa kama hilo hutokea mechi inapovunjika kwa giza au mvua na kumaliziwa kesho yake: mwandishi anafungua ukurasa mpya na bao la jana linaandikwa tena. Mechi iliyovunjika inaendelea kwenye ukurasa ule ule.

Jambo jingine linalosumbua ni jezi. Timu za mtaani hubadilishana jezi, leo namba 10 yuko winga, kesho ameivaa beki. Kwenye orodha ya usajili kila mchezaji apewe namba moja ya kudumu, na anayevaa nyingine siku hiyo mwandishi aandike ile ya usajili. Majina peke yake hayatoshi. Timu moja ya Magomeni inaweza kuwa na kina Juma watatu.

Ukurasa mmoja wa kanuni

Maneno wanayopewa wapiga kura wa besiboli yanaingia kwenye nusu ukurasa, na jambo la kushangaza ni kwamba hayasemi "thamani" maana yake nini hasa. Yanataja mambo ya kupima: thamani halisi ya mchezaji kwa timu yake, katika kushambulia na kulinda, idadi ya mechi alizocheza, tabia, uaminifu na juhudi. Yanaongeza kwamba aliyewahi kushinda anaruhusiwa kushinda tena, na kwamba mpiga kura anaweza kuwataja wachezaji zaidi ya mmoja wa timu moja.

Hayo mawili ya mwisho yana historia yake. Kati ya 1922 na 1928 ligi mojawapo, American League, iliendesha tuzo yake yenyewe. Kila mpiga kura alitakiwa kutaja mchezaji mmoja tu kutoka kila timu, na aliyewahi kushinda hakuruhusiwa tena. Babe Ruth alishinda 1923. Mwaka 1927 akapiga homurani 60, yaani mara 60 mpira ukavuka uzio, kiwango ambacho hakuna aliyekuwa amekifikia kabla ya hapo, na jina lake halikuruhusiwa hata kuandikwa. Tuzo ikaenda kwa mwenzake wa timu moja, Lou Gehrig. Gehrig alikuwa na msimu mkubwa sana na hakuna wa kumdharau, lakini tuzo inayomfungia nje aliyeongoza haina uzito.

Kamati za ndondo hupenda sana kishawishi hicho: "Mwaka jana alichukua wa Shangani, mwaka huu tuwape wengine." Au "kila timu ipate mtu wake." Mkitaka kugawa furaha, toeni cheti kwa mchezaji bora wa kila timu na timu zijichagulie zenyewe. Kura kubwa isiwe na mgao.

Kwa hiyo ukurasa wenu useme haya, kwa maneno haya au yanayokaribia:

1. Anayestahili ni mchezaji aliyesajiliwa na aliyecheza angalau mechi 5 kati ya 7.
2. Nafasi zote zinahesabika, kipa na beki wakiwemo.
3. Mchezaji wa timu isiyofuzu anaruhusiwa.
4. Aliyeshinda miaka ya nyuma anaruhusiwa.
5. Mpiga kura anaweza kutaja wachezaji wawili au zaidi wa timu moja.
6. Kadi nyekundu haimwondoi mtu, ila mpiga kura anaruhusiwa kuipima.
7. Kura hukusanywa kabla ya nusu fainali.
8. Kila karatasi ina saini, na karatasi zote hubandikwa baada ya kutangaza.

Kanuni ya kwanza ndiyo inayowamaliza mamluki. Kijana anayeletwa kutoka Masasi kwa mechi mbili, akafunga manne na kuondoka na basi la alfajiri, hatasumbua kura yenu. Mkicheza karibu na Oktoba, minada ya korosho inapoanza, teremsheni kiwango hadi mechi 4, maana wachezaji wenye mashamba Tandahimba na Newala watakosa mechi kwa sababu ya kweli.

Kanuni ya pili isipoandikwa mtajuta. Mwaka 1999 Pedro Martínez wa Boston alishinda mechi 23 akiwa mrushaji, yaani anayemtupia mpigaji mpira, akapoteza 4. Wapiga kura 8 walimweka wa kwanza, mmoja zaidi ya waliomweka Iván Rodríguez. Lakini wawili hawakumwandika kabisa mahali popote kwenye karatasi, kwa hoja kwamba mrushaji hachezi kila siku kama wengine. Rodríguez akashinda kwa pointi 252 dhidi ya 239. Wale wawili wangemweka Martínez hata nafasi ya tatu kila mmoja, zingeongezeka pointi 16 na tuzo ingekuwa yake. Warushaji wana tuzo yao pekee tangu 1956, Cy Young, lakini kanuni haijawahi kuwatoa kwenye hii kubwa. Mwaka huo huo wa kwanza Don Newcombe alichukua zote mbili. Huku kwetu wa kuonewa ni kipa. Andikeni.

Kanuni ya tatu ina mabishano ambayo hayataisha. Wapo wanaosema mchezaji wa timu iliyoshika mkia hawezi kuwa na thamani, maana hata bila yeye wangekuwa mkiani. Andre Dawson alishinda 1987 na timu yake, Chicago Cubs, ikiwa ya mwisho kwenye kundi lake. Tunaona waliomchagua walikuwa na haki, ila kamati inaweza kuamua vinginevyo, mradi iamue kabla ya mechi ya kwanza na si baada ya kuona jina lililo mbele.

Nani apige kura

Besiboli huwapa kura waandishi wawili kwa kila mji wenye timu. Ligi moja ina timu 15, hivyo wapiga kura ni 30. Mwanzoni alikuwa mmoja kwa kila mji, wakaongezwa hadi watatu mwaka 1938, wakapunguzwa kuwa wawili 1961. Kila mwandishi ana upendeleo wa nyumbani na hilo linajulikana. Linavumilika kwa sababu kila mji una kura sawa, hivyo upendeleo wa huyu unalipwa na wa yule.

Nyie chukueni 16, wawili kutoka kila mtaa wenye timu. Wasiwe makocha, viongozi, wachezaji, mdhamini wala watu wa nyumba moja na mchezaji anayetajwa tajwa. Wanaofaa ni refa asiye na timu, mwalimu wa michezo, mtangazaji wa redio ya hapa, mzee anayekaa kwenye benchi lile lile kila jioni na hakosi mechi. Sharti moja: awe ameona angalau mechi 14 kati ya 28, na kila timu angalau mara mbili. Mwandishi wa daftari aweke alama kwenye orodha ya wapiga kura waliofika. Asiyetimiza, mtaa wake ulete mwingine. Kura za mashabiki kwa simu ni jambo zuri la kuchangamsha, ziwe na zawadi yake ndogo. Mwenye hela ya vocha asimzidi aliyekuja uwanjani.

Karatasi na pointi

Karatasi ya besiboli ina nafasi 10. Wa kwanza anapata 14, wa pili 9, wa tatu 8, na kushuka hivyo hadi wa kumi anayepata 1. Pengo la pointi 5 kati ya wa kwanza na wa pili liliwekwa 1938. Kabla ya hapo wa kwanza alipata 10 tu. Kwa ndondo nafasi 5 zinatosha, kwa 7, 4, 3, 2 na 1. Zaidi ya tano watu huanza kujaza majina ya kubahatisha.

Pengo hilo la juu lina kazi. Tuseme winga namba 7 wa Shangani amepata nafasi za kwanza 9, za pili 2, za tatu 3, ya nne 1, na mtu mmoja hakumwandika. Kiungo namba 8 wa Majengo ana za kwanza 4, za pili 11 na ya tatu 1. Mkitumia 5-4-3-2-1, winga ana 45+8+9+2, jumla 64, na kiungo ana 20+44+3, jumla 67. Kiungo anachukua, ingawa zaidi ya nusu ya wapiga kura walimwona winga ndiye bora. Mkitumia 7-4-3-2-1, winga ana 63+8+9+2 = 82, kiungo 28+44+3 = 75. Chagueni mfumo mmoja mapema na muubandike, maana karatasi zile zile zinatoa washindi wawili.

Mtu mmoja asiyeandika jina anaweza kuamua kila kitu. Mwaka 1947 Ted Williams wa Boston aliongoza ligi yake kwa wastani, kwa homurani na kwa mikimbio aliyoiingiza, yaani alama za timu zilizotokana na mipigo yake. Joe DiMaggio wa New York akamshinda kwa pointi 202 kwa 201. Mpiga kura mmoja hakumwandika Williams hata nafasi ya kumi. Nafasi ya tisa peke yake ingempa tuzo.

Hamwezi kumlazimisha mtu ampende asiyempenda. Mnaweza kumlazimisha asaini na ajue karatasi itabandikwa. Yenyewe iwe nusu ya karatasi ya kawaida, hivi:

*Nafasi ya 1 (pointi 7): timu ______ namba ya usajili ____ jina ______*

na kushuka hadi nafasi ya 5, chini jina la mpiga kura, mtaa, tarehe na saini. Nafasi zote tano zijazwe. Yenye nafasi tupu, jina lililorudiwa au mchezaji asiyestahili inarudishwa kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, na si kamati inayoirekebisha.

Kukusanya na kuhesabu

Karatasi zigawiwe pamoja na muhtasari wa daftari mara tu mechi ya 28 inapoisha, na zirudi ndani ya bahasha kabla filimbi ya nusu fainali ya kwanza haijapulizwa. Besiboli nayo hukusanya zake kabla ya hatua ya mtoano. Bila hivyo, bao la dakika ya mwisho kwenye fainali linafuta mechi saba za mtu mwingine. Fainali ina shujaa wake, mpeni tuzo yake ndogo papo hapo. Marekani fainali ilipata tuzo ya namna hiyo 1955, na wa kwanza kuipokea alikuwa Johnny Podres wa Brooklyn, mrushaji aliyeshinda mechi mbili za fainali hizo, ikiwemo ya saba iliyoamua bingwa.

Kuhesabu kunataka watu wanne na meza moja, ofisi ya serikali ya mtaa inatosha. Mmoja anasoma kwa sauti, nafasi, timu, namba. Wawili wanaandika, kila mmoja karatasi yake, bila kuchunguliana. Wa nne anapokea karatasi iliyosomwa na kuipanga kifudifudi. Msiandike pointi wakati wa kusoma, andikeni vijiti chini ya nafasi: mchezaji huyu za kwanza ngapi, za pili ngapi. Kuzidisha kuje mwisho. Anayejumlisha 7 na 4 kichwani huku anasomewa jina linalofuata hukosea karibu na karatasi ya kumi.

Kisha jaribio. Karatasi moja ina pointi 17, karatasi 16 zina 272. Jumlisheni pointi za wachezaji wote waliotajwa, hata mwenye 1. Isipofika 272 kamili, kuna kijiti kimepotea au kimezidi, na mnarudia kabla jina halijatoka mlangoni. Wapiga kura wakiwa 15 kwa sababu mmoja hakurudisha, lengo ni 255.

Sare mziandalie kanuni. Mwaka 1979 Keith Hernandez na Willie Stargell walilingana kwa pointi 216, tuzo ikapewa wote wawili. Stargell alikuwa na nafasi za kwanza 10, Hernandez 4. Mbuzi hagawanyiki kirahisi hivyo, kwa hiyo tumieni ngazi: mwenye nafasi za kwanza nyingi, halafu za pili, halafu aliyecheza mechi nyingi. Wakilingana hata hapo, uzeni mbuzi mgawe fedha.

Kuhusu jina la tuzo, msichonge jina la mtu kwenye kombe. Besiboli iliipa tuzo hii jina la kamishna wake wa zamani, Kenesaw Mountain Landis, mwaka 1944, na 2020 waandishi wakaliondoa, kwa kuwa enzi yake wachezaji weusi walifungiwa nje. Mdhamini wa ndondo hubadilika kila msimu. Stika inabanduka, mchoro wa fundi haufutiki.

Siku ya kutangaza anza na wa tano, panda hadi wa kwanza, na kila mmoja mtaje kwa pointi zake. Karatasi 16 na jedwali la vijiti zibandikwe kesho yake asubuhi kwenye ubao wa mtaa. Malalamiko yapokelewe kwa maandishi ndani ya siku mbili, na yahusu hesabu tu au kustahili kwa mchezaji, si maoni ya mpiga kura. Mlalamikaji aitwe, vijiti vihesabiwe upya mbele yake. Baada ya hapo karatasi zirudi kwenye bahasha pamoja na kaunta buku zote mbili, zikae kwa katibu hadi usajili wa msimu ujao.